Taitai Mia Sita na Arobaini

Chwaka, 14 Septemba 2025

Muzdalifa, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi, na natumai huko Kikwajuni nyote wazima. Mimi kiwiliwili sijambo. Moyo ndio una homa. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu utanibembeleza.

Jana umeniletea wanafunzi thelathini na tisa wajifunze kusafisha pwani. Nikawapikia wali na mchuzi wa pweza. Wamekula, wameshukuru, na mmoja akaniambia, "Bibi, pwani yenu sasa imetakata." Kweli imetakata. Leo asubuhi nimekwenda kibandani kwangu: taitai zote, vile vikamba vya kufungia mbegu za mwani, hazipo. Nilizianika mchangani zikauke. Kamba ishirini, kila moja taitai thelathini na mbili: mia sita na arobaini. Kazi hii niliianza na kamba mbili, bila mume wala mfadhili, na sijakosa bamvua hata moja. Jumamosi bamvua linaingia, yale maji makubwa ya kujaa na kutoka mbali. Maji yakitoka, sina cha kufungia.

Wewe ndiye uliyewaambia waokote kila kikamba. Hukuniuliza. Zisiporudi, mwanafunzi wako asikanyage tena pwani hii.

Shangazi yako,
Mwatum

Kikwajuni, 16 Septemba

Shangazi, shikamoo. Homa ya moyo imeshuka? Sisi hatujambo, ila haya zimenijaa.

Barua nimewasomea darasa zima, hata pale uliponisema. Magunia bado yapo uani skuli. Tushayapima, na Mwalimu Mkuu katupongeza kwa kuokota taka nyingi kuliko wote. Watoto wamekaa chini kuzichambua taitai zako moja moja. Simai akauliza, "Kwa hiyo tumesifiwa kwa kumwibia bibi?" Nikamwambia naam, ndivyo.

Tumepata mia sita na kumi na moja. Ishirini na tisa hazionekani. Tunaomba tuje Jumamosi tukufungie wenyewe. Mwalimu Mkuu amesema masomo yetu ya nje yataendelea ukiridhia wewe tu.

Mtoto wa kaka yako,
Muzdalifa

Chwaka, 17 Septemba

Marahaba. Homa imeshuka, kwa kiasi cha mia sita na kumi na moja. Njooni saa tatu. Maji hayamngoji mwalimu. Wavae viatu, mawe yanakata. Mchuzi sipiki.

Shangazi yako

Chwaka, 25 Septemba

Muzdalifa mwanangu,

Natumai mmeshapona migongo. Mimi mzima, mbavu tu zinauma kwa kucheka.

Zile ishirini na tisa nilikata mpya. Watoto thelathini na tisa na wewe ni arobaini. Kila mmoja kafunga kumi na sita. Mia sita na arobaini, haikupungua wala kuzidi. Jana nimekwenda kukagua: mafundo kumi na saba yamefunguka. Kumi na moja yako.

Mwambie Mwalimu Mkuu nimeridhia. Bamvua lijalo waje, nitapika. Taitai zikitoka majini sizianiki tena mchangani, nazipandisha darini.

Jumamosi ile mwanafunzi wako Khairiya alinivuta kando, machozi yanamtoka, akanikabidhi kamba ya kurukia. Zile ishirini na tisa alikuwa amezisuka. Niliichukua nikautazame msuko. Ni mzuri kuliko wangu. Inakuja na barua hii, umrudishie. Mwambie nimeiruka mara kumi na nne. Jirani yangu Biasha ndiye aliyehesabu, na ameniibia mbili.

Shangazi yako,
Mwatum