Hodi Kando ya Mto

S.L.P. 418
Jumapili, tarehe 14, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kifua chako kinaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema baridi ya huko inapenya mpaka kwenye mifupa, na zamu za usiku pale hospitalini zimekukausha. Kunywa vitu vya moto, vaa soksi mbili, usijifanye chuma. Sisi huku ni wazima. Mgongo wa baba umetulia. Mwanao ni mzima pia, hana hata mkwaruzo. Irudie sentensi hiyo kila utakapotaka kuichana barua hii.

Ulituruhusu tumpeleke kambini kwa sharti moja: asiachwe peke yake hata dakika moja. Tumelivunja. Alikuwa peke yake kwa dakika kumi na moja. Wifi yako alitaka nikuandikie mazuri tu ya safari, lakini mtoto ni wako. Ukiyasikia haya kwa mtu mwingine hutatuamini tena, na hatutakuwa na la kujitetea.

Kosa lilianzia sebuleni. Hema tulilonunua lilikuwa kuukuu, zipu yake imekufa. Unamjua wifi yako na cherehani yake: aliing'oa, akashona nyingine ya meno makubwa, yenye kitanzi cha utepe mwekundu. Kisha tukalisimamisha hema hilo sebuleni wiki nzima ili Meneja azoee kulala ndani yake. Meneja ndilo jina la binti yako siku hizi, maana nyumba nzima iko chini ya amri yake. Akazoea. Akajifunza pia kuvuta kitanzi na kufungua mlango, na sisi, watu wazima wawili wenye akili zetu, tulimpigia makofi kila alipofaulu.

Ijumaa tulifika kambini saa tisa alasiri. Ni uwanja wa majani, miti michache, bafu la mabati na mlinzi mmoja mwenye mvi. Nilihesabu hatua kutoka hema hadi mtoni: sitini na nne. Ukingo wa upande wetu umekatika wima, maji yako chini kimo cha mtu mzima. Meneja alimnyooshea mlinzi mguu wenye kiatu kilichofunguka, akasema, "Funga!" Mzee wa watu akapiga magoti. "Ndiyo, bosi," akajibu.

Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, wifi yako alimfunika mtoto vizuri, akasinzia tena. Nilipofumbua macho ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Mlango wa hema ulikuwa wazi, na upande wa mtoto kwenye godoro ulikuwa mtupu.

Nje kulikuwa na ukungu. Majani yalikuwa meupe kwa umande, na juu yake ulipita mstari wa nyayo ndogo, umenyooka kuelekea mtoni. Nimeandika gazetini habari za mafuriko na za moto miaka ishirini na saba bila kukosea hata nukta. Asubuhi ile nilishindwa kuvaa viatu.

Nilimwona nilipofika hatua kumi kutoka kwake. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, vidole vya miguu vikiwa vimefika mwisho wa majani; niliogopa kumkimbilia asije akashtuka akateleza. Ng'ambo, ambako ukingo ni wa chini, swala walikuwa wameshuka kunywa maji. Nilihesabu thelathini na mmoja, kisha nikaacha, kwa sababu kila ukungu ulipopungua walitokea wengine nyuma yao. Hakuna aliyekuwa akinywa. Wote walikuwa wameinua vichwa wakimtazama yeye.

Naye alikuwa akisema, "Hodi."

Utaratibu wa nyumba yetu nikueleze. Chumba cha kushonea kina sindano na mikasi, kwa hiyo Meneja haruhusiwi kuvuka kizingiti mpaka apige hodi na aitikiwe karibu. Hajawahi kuivunja sheria hiyo. Sasa alikuwa anapiga hodi kwa swala, anangoja, anapiga tena. Nilijua kwamba akiitikiwa tu, atapiga hatua.

Wifi yako akafika, mguu mmoja una kiatu. Mlinzi naye akatokea bafuni na mswaki wake. Mtoto akasema, "Hodi!" kwa sauti zaidi, na mlinzi, kwa mazoea ya maisha yake yote, akafungua mdomo. Wifi yako alimziba kwa kiganja, mswaki na povu vyote ndani. Kisha akaita kwa sauti ile ile ya kila siku ya chumbani: "Ngoja kidogo, mama, nimeshika mkasi."

Meneja akaketi chini, pale pale alipokuwa, kama anavyoketi kizingitini. Nikaenda nikamwinua. Alinikasirikia sana. Ng'ambo swala waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kunywa. Mlinzi amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Alisema hajawahi kuona kundi hilo likimngoja mtu.

Tulirudi jana hiyo hiyo. Zipu imegeuzwa, kitanzi kiko juu asikofika. Ukiamua asilale tena nje ya nyumba, au umhamishie kwa dada yetu, andika; nitatii bila kinyongo. Sitajaribu kukubembeleza kwa niliyoyaona. Ila ni haki yako kuyajua: mwanao ana miaka miwili na miezi miwili, na mbele ya kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuona, aliomba ruhusa.

Baba anakusalimu, anauliza kama unakula. Jirani muuza maziwa naye hakuachi kwenye dua. Wifi yako anasema unikasirikie mimi kwanza.

Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Mimi kaka yako, nikupendaye hata ukininunia.