Ripoti ya Ukutani

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefunguliwa na sijakaa chini tangu asubuhi. Sare kumi na moja! Na nusu ya wateja hawakufuata mkono wangu, nasema ukweli. Wamemfuata binti yangu. Mtaa mzima wanamwita Profesa. Ripoti yake ya kidato cha pili iko ukutani juu ya cherehani, ndani ya nailoni — wa kwanza kati ya watoto mia na kumi na nane. Mteja akisubiri anaisoma. Asiposoma, namsomea.

Utaratibu wangu ni huu: mtoto wa kidato cha kwanza akipanda kwenye stuli kupimwa, hashuki mpaka Profesa ampe mawaidha. Soma kidogo kila siku, usingoje mtihani. Usinakili ya mwenzako. Lala mapema. Mwalimu akikuacha njiani, nyoosha mkono. Leo mama mmoja kaleta mwanawe na hana hata kitambaa! Anataka mawaidha tu. Nilicheka mpaka pini zikanidondoka.

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Nikamwambia hawa wageni wa kidato cha kwanza wanahitaji kumsikia mtu anayefaulu, na mimi ninaye nyumbani. Akakohoa. Akasema atafikiria. Nikasema mwalimu, cha kufikiria hapo ni kipi? Tukakubaliana Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne.

Profesa hakufurahi. "Mama, si ungeniuliza kwanza."

Nikuulize nini, nikamjibu. Mimi niliyeishia darasa la saba ningekuwa na akili zako, ningehutubia mpaka sokoni!

Akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa visafi.

Jumamosi, 11 Januari

Katoto kamoja ka kike, kadadisi, kakauliza pale juu ya stuli: "Dada, na ukisoma kila siku na bado haiingii?" Mama yake akamfinya. Profesa akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi. Nikamalizia mimi: isipoingia ni uvivu!

Jioni nikampima sketi mpya ya hotuba. Kiuno inchi ishirini na tatu. Nikapima tena. Daftari la vipimo la mwaka jana linasema ishirini na saba. Nikamuuliza, shuleni unakula? Nakula, Mama.

Ni kusoma kwingi tu, nikajiambia.

Jumanne, 14 Januari

Sijui niandikeje.

Mwalimu wake wa darasa kaleta suruali, zipu imekufa. Akaitazama ile ripoti muda mrefu. Kisha, taratibu: anafurahi kuona bado namtia moyo, hata kwa matokeo haya. Matokeo yapi? — hilo nililisema moyoni. Mdomoni nikasema, ee mwalimu, tunapambana.

Wa tisini na moja! Muhula uliokwisha. Ule wa kabla yake, wa sabini na nne. Kwenye hisabati anakaa anaitazama karatasi mpaka kengele ilie. Na ripoti zote mbili zilirudi shuleni na saini ya mzazi. Saini yangu, na ule mkia wake mrefu. Si ulisaini, mama? akaniuliza mwalimu. Nikasema nilisaini.

Kwa nini nimesema hivyo! Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Masomo ya ziada yanaanza Jumatatu. Mzazi lazima aende mwenyewe ofisini kumwandikisha, mwisho Ijumaa saa sita. Ikipita hapo, mwalimu haoni atakavyoushinda mtihani wa mwisho. Na mwaka wenyewe ndio huu, kidato cha nne.

Mbele ya ofisi kuna benchi. Wamama wote wa mtaa huu hukaa pale.

Jumatano, 15 Januari

Sikumwambia kitu. Hakuniambia kitu. Nimeshona sketi. Nilipanda stuli niitoe ile ripoti, akaingia mteja. Nikajifanya napangusa vumbi.

Ijumaa, 17 Januari

Saa tatu asubuhi. Profesa kavaa sketi. Pindo limebaki refu, basi kapanda kwenye stuli, palepale wanaposimama watoto wa watu. Mimi magotini, pini mdomoni.

"Mama, nikusomee mwanzo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wadogo zangu. Siku usipoelewa, sema siku hiyohiyo. Mwambie mwalimu, sema nyumbani. Mimi nilinyamaza mihula miwili, nikaghushi saini ya mama yangu, na sasa ni wa tisini na moja."

Alikuwa anatazama ukuta, si mimi.

"Au nianze na hiyo hapo ukutani? Sema wewe, Mama. Hotuba uliiomba wewe."

Pini nne mdomoni. Ningeweza kuzitema. Nikaonyesha kwa kidole kwamba nafuata uzi, nikaja huku nyuma. Naandika nimesimama, daftari juu ya vitambaa. Nje wamama wanapita na watoto wao, sare zangu zote hizo, nawasikia: Profesa, umependeza! Tutakusikiliza mbele kabisa!

Binti yangu ananiita. Mara ya pili hii. Upande mmoja wa pindo una pini, wa pili bado.

Uzi nilioshika ni mweusi. Sketi ni ya bluu.