Alama ya Mkono Mwekundu

Bariadi mjini,
Jumatano, 17 Julai 2024.

Kwa wifi yangu Flora,
Malampaka.

Tumsifu Yesu Kristo, wifi. Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Luhaga, pamoja na watoto, ambao nadhani sura ya shangazi yao wameshaanza kuisahau. Vipi kile kifua chako cha msimu wa baridi? Luhaga aliniambia mpunga mwaka huu umewakubali, nami nimemshukuru Mungu kwa ajili yenu. Huku kwetu mhola duhu, amani tu. Pamba imeshatoka shambani, kuku wanataga, na mimi nanenepa kwa sababu ya kukaa.

Najua unashangaa mtu mwenye simu mfukoni kuandika barua. Nimekupigia nimechoka, wifi. Ukiona jina langu unaiacha iite mpaka inyamaze, na wala sikulaumu. Nimeona bora karatasi, kwa kuwa haipigi kelele na utaisoma ukitaka. Ninachokuomba ni kimoja: usiichane kabla hujafika mwisho. Isome hata kwa siku tatu, lakini ufike mwisho.

Luhaga alipokuja kuniona alinieleza ulichomwambia kuhusu tarehe 31 Agosti. Kwamba misa ya mama isomwe, kaburi lijengwe, ng'ombe achinjwe, lakini wewe hutakanyaga Nkololo. Akaniambia ulisema hurudi kwenye ua ambako nguo zako zilimwagwa mkekani mbele ya majirani. Aliongea huku anaangalia kofia yake tu. Nilimwonea huruma, maana yuko katikati, huku ndugu zake na huku mke wake. Wewe ndiye uliyemwogesha mama yetu miaka minne, ukamlisha uji kwa kijiko, halafu siku ya kumjengea kaburi usiwepo? Hilo jambo limenikaa kooni tangu siku ile.

Ngoja nikueleze kwanza habari za mguu, maana ndio uliosababisha mengine yote. Mwezi wa nne niliteleza bafuni, mimi huyu niliyewafundisha watoto wa watu miaka thelathini na tatu kutembea wakiangalia mbele! Mguu ukavunjika juu ya kifundo. Nikafungwa hogo zito la plasta, nikaambiwa nikae. Wewe unanijua, Flora, kukaa ndicho kitu nisichokiweza. Siku ya kwanza nilihesabu mabati. Siku ya pili nilimgombeza kila aliyepita barabarani. Siku ya tatu mwanangu Joakim akaona majirani watatuhama.

Joakim, kama unavyokumbuka, ana lile banda la gemu karibu na stendi, vijana wanalipa wanacheza mpira kwenye tivii. Basi alikuwa na gemu mbili ambazo hazina wateja kwa sababu ni ndefu kama riwaya, unaweza kucheza mwezi na hujafika popote. Akaniletea mashine moja nyumbani, akaniwekea pedi ya kuchezea mikononi, akasema mama, hii ni ya watu wenye muda. Nilimwambia asinitanie, mimi ni bibi wa watu. Jioni ile akirudi alinikuta sijapika, hogo juu ya stuli, napigana na mbwa mwitu.

Cheka tu, wifi, hata mimi najicheka. Kwenye gemu hiyo unakuwa mtu mmoja, unatembea nchi nzima, unaongea na watu, unanunua, unapigana, unatumwa huku na kule. Mimi nilichagua mwanamke mwenye mabega mapana nikampa jina la marehemu mama mkwe wangu, Mektilda, maana naye alikuwa hacheki na mtu. Tulifika nyumba ya kwanza, nikamsimamisha Mektilda mlangoni. Joakim akauliza nasubiri nini. Nikamjibu nasubiri tukaribishwe. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia ndani ya gemu hakuna hodi, unasukuma mlango unaingia. Basi nikaingia, nikamzunguka kila mtu aliyekuwemo nikimsalimia, hata mtoto aliyelala, ndipo nikaangalia vitu vya ndani.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulitegemea. Ukisogelea kitu, mkate au kikombe, panatokea neno la Kiingereza la kusema chukua, jeupe. Lakini kama kitu kina mwenyewe, neno lilelile linabadilika palepale, linakuwa jekundu na linasema iba. Haki ya Mungu nilishtuka. Niliiacha ile pedi nikajifuta mikono kwenye kanga. Hujagusa bado, umesogea tu, na tayari umeshaambiwa unachotaka kufanya kinaitwaje! Tena si hilo tu. Mektilda akichuchumaa, katikati ya kioo panatokea jicho. Likiwa limefumba, hakuna anayekuona. Likifumbuka, ujue macho ya watu yako juu yako. Nilimwambia Joakim waliotengeneza hiki kitu wamelelewa na wazazi.

Lakini usidhani nilikubaliana nao kila kitu. Siku moja Mektilda alikuwa njiani, ana njaa, tukapita kwenye shamba la mtu. Nikasogea nichume kabichi moja, pakawaka nyekundu. Nilikasirika! Kwetu mpita njia akivunja tango moja akalila palepale pembeni mwa shamba, nani amewahi kumwita mwizi? Mwizi ni anayetoka na kapu. Nilibishana na ile tivii mpaka jirani Salvatory akaja kuuliza mgonjwa anagombana na nani.

Ile gemu ya pili ni ya zamani, na yenyewe haina nyekundu kabisa. Kijana mwenye upanga anaingia majumbani mwa watu, anavunja mitungi, anafungua masanduku, anabeba. Na mwenye nyumba amesimama hapohapo anamwambia mwaka huu mvua zimechelewa! Nilimwuliza Joakim, huyu si mwizi? Akasema hapana, mama, huyo ndiye shujaa. Gemu isipokuambia kitu, maana yake unaruhusiwa. Alisema huku anafunga waya, wala hakuwa na nia yoyote, lakini siku nzima sikula vizuri. Sikuicheza tena hiyo gemu.

Nikarudi kwa Mektilda wangu. Sasa siku moja, kwenye nyumba ya mfinyanzi mmoja, kidole kikateleza nikabonyeza penye nyekundu. Bakuli la udongo, kitu cha bure kabisa. Jicho lilikuwa limefumba, hakuna aliyeona, hakuna askari aliyekuja. Nikasema afadhali. Lakini kufungua mkoba, lile bakuli limewekewa alama ndogo ya mkono mwekundu ubavuni. Nikaenda kuliuza, muuza duka akalikataa. Nikatembea miji mitatu, nikapigana vita viwili, nikafungua mkoba, ule mkono bado upo. Nikamwuliza Joakim utafutika lini. Akasema mama, kitu cha wizi huwa hakisahau, hata ukicheza miaka kumi kitabaki hivyo hivyo.

Niliomba azime tivii. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nikamwomba apande juu ya kiti, afungue lile kabati langu la mninga, rafu ya juu kabisa, nyuma ya mashuka, ashushe kilichofungwa kwenye kanga ya bluu. Kwa hogo langu nisingeweza kukishusha mwenyewe. Akakishusha. Akaifungua ile kanga. Akasimama nacho mikononi, akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama hiki sicho kile kibuyu cha bibi cha kusukia maziwa.

Ndicho, Flora. Ninacho mimi. Kiko kwangu tangu wiki tatu kabla mama hajafa.

Usiache kusoma, nakuomba. Miaka sita tumeambiana kwamba wewe ndiye uliyekuwa na funguo za jiko, kwa hiyo ni wewe uliyekiiba. Dada Elizabeth alilisema waziwazi siku ya kuanua matanga, shangazi Stephania akaagiza begi lako liletwe, nguo zako zikamwagwa juu ya mkeka, mpaka zile za ndani, na majirani wote wamekaa. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako, nimeshika chai. Nilisema tuyaache haya mambo ya vibuyu. Watu wakanisifu kwamba mwalimu ana busara. Wewe uliniangalia kwa shukrani, Flora. Yale macho yako ya siku ile nimeyakimbia miaka sita.

Sasa nikwambie nilivyokichukua, na sitajipamba. Nilikuja Nkololo kumwona mama. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Mama akanishika mkono, akaniambia kile kibuyu pale ukutani jikoni ni cha Flora. Akasema Flora ndiye aliyesuka maziwa naye miaka yote, nyie wengine mliolewa mkaenda zenu. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Mimi nilisikia kisu. Kibuyu kile alipewa na mama yake, nami nilijua tangu utotoni kwamba kitakuwa changu au cha dada. Wivu ulinishika, niseme wazi. Mama aliposinzia nikakitia kwenye mfuko wangu wa safari. Nikajiambia nakihifadhi, msiba ukija kitavunjwa na wageni. Nikajiambia mimi ni mtoto wa kumzaa. Na lile jiko lilinyamaza, hakuna kilichowaka, kuku wakapita, na wewe ukarudi na maji, ukanishika mkono kwa adabu ukaniita wifi, ukanifungia karanga za kula njiani. Nilizipokea. Nilizila.

Kwa hiyo hukuiba. Na hata ungekichukua wewe usingekuwa umeiba, kwa sababu kilikuwa chako. Walikupekua wakitafuta mali yako mwenyewe.

Jumapili iliyopita niliwaita dada Elizabeth na shangazi Stephania hapa kwangu. Sikuwaambia kwa nini. Walipokaa nikamwambia Joakim akiweke mezani, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka hata hizo karanga. Shangazi alilia. Dada hakulia, alisimama akaniambia mimi si mtu, akaondoka bila kuaga, na hajanipigia mpaka leo. Ana haki. Nimemwambia na padre kwamba tarehe 31, kabla ya misa, nitasimama uani palepale ulipotandikwa ule mkeka, na magongo yangu, niwaambie majirani haohao. Nitasimama uwepo au usiwepo. Uliitwa mwizi mbele za watu, siwezi kukusafisha kwa bahasha.

Na jambo moja la gemu nilimalizie, maana ndilo lililonikera kuliko yote. Ukikamatwa kule, unalipa faini, askari anakuambia nenda zako, na hapohapo kila mtu amesahau, muuza duka anakuchekea kama jana hukumwibia. Mimi sikuombi hivyo. Sikuombi usahau. Ukitaka kunikasirikia mpaka naingia kaburini, kasirika. Utashangaa nikikuambia kwamba tangu Jumapili nalala vizuri na chakula kina ladha. Dada amenikasirikia, mtaa mzima utanisema, nami nina amani ambayo sikuwa nayo nilipokuwa mwalimu mwenye busara. Sikujua kwamba nilikuwa nimechoka hivyo.

Joakim anakuletea kibuyu mwenyewe, amekipakata kifuani tangu nyumbani, hatakitia kwenye buti la basi. Kiangalie vizuri, hakina ufa. Kila mwaka nilikipaka samli kwa siri, sijui nilidhani namlipa nani. Mwambie Luhaga anisamehe kwa kumweka katikati. Hajui bado, nilitaka wewe ujue kwanza. Wasalimie watoto wote, na umbusu yule mdogo niliyesikia amepewa jina la mama.

Mimi hogo litatolewa wiki ijayo, daktari akipenda. Wabeja kwa kunisoma mpaka hapa.

Nimefikiria sana nimalizie na nini, nikaona nikupe kile nilichokaa nacho muda mrefu kuliko haki yangu. Kibuyu ni kibuyu tu. Lakini mama alitoa neno, akanituma nikufikishie, na mimi nikalifungia kabatini pamoja nacho. Alisema hivi, kwa Kisukuma chake kile cha taratibu, huku ameuelekea mlango uliotokea wewe kwenda kisimani: kwamba mtoto aliyemzaa mwisho ni wewe.

Ni mimi wifi yako,
Benedikta