Ibara ya 22 na Kibaraza cha Elerai

Jumatatu, 16 Juni

Wameirudisha orodha yetu. Majina mia mbili na kumi na mawili, kurasa tisa, nimeyaandika kwa mkono huu huu – na yamerudishwa kwa simu ya dakika tatu.

Nilikuwa juu ya jukwaa Sombetini, napanga tofali, baridi imenikausha vidole. Akapiga karani wa Kamati ya Bunge kutoka Dodoma. Kijana mstaarabu, siwezi kumsema vibaya. Akauliza kama huu ndio Umoja wa Mafundi Ujenzi. Nikamwambia ndiyo, mimi ni Kaanaeli, katibu. Akauliza mwenyekiti wetu Plasta ni nani. Na Timazi. Na Nusu Tofali. Akasema kwa upole kabisa kwamba Kamati haiwezi kupokea maoni ya Nusu Tofali. Yanatakiwa majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na namba. Mwisho Alhamisi saa sita mchana.

Kosa ni langu. Sisi tukimaliza kazi tunaandika jina na mwaka kwenye zege bichi, pembeni ya kibaraza. Jina la kazini. Kijenge kuna kibaraza kimeandikwa PLASTA 1998 na mpaka leo hakina ufa. Kwangu hilo ndilo jina la mtu. Nilipokaa kuandika orodha wala sikujiuliza. Hata mimi nilijiandika Mama Pima!

Siku tatu. Sawa. Nimewahi kumaliza msingi kwa siku tatu, na mvua inanyesha.


Jumanne, 17 Juni

Nijikumbushe tunapigania nini, maana hasira zinanisahaulisha.

Muswada wa Ujenzi, ibara ya 22. Asiye na cheti cha chuo haruhusiwi kujenga wala kusimamia jengo lolote la kudumu. Akikutwa, faini au jela. Inaanza siku sheria ikisainiwa. Hakuna muda wa kujipanga. Mimi nimeshika mwiko miaka ishirini na sita, nimefundishwa na baba yangu kule Poli, na kwa ibara hiyo nitaamka siku moja mimi ni mhalifu.

Hatujasema tusipimwe. Tunaomba sentensi moja tu iongezwe: fundi aliyejifunzia kazini apimwe kwa kazi yake, akifaulu apewe cheti. Nyumba zinaanguka, najua. Nimewahi kufukua mtu kwenye kifusi kwa mikono yangu, kwa hiyo nisifundishwe uchungu. Lile jengo lilikuwa na vyeti vyote vimebandikwa ukutani.

Na huu ndio mkutano wa mwisho wa Bunge hili. Likivunjwa, muswada ambao haujapita unakufa nalo. Kwa hiyo wanakimbia. Na sisi tunakimbia.

Jioni nilienda kwa mwenyekiti, Mzee Lemburis. Ndiye Plasta mwenyewe. Nikamwamkia, nikamweleza aibu yangu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema miaka thelathini hajasikia mtu anamwita jina lake kamili zaidi ya mkewe, na mkewe akiliita ujue kuna kesi. Akasaini palepale, majina matatu, namba yote. Wa kwanza.


Jumatano, 18 Juni

Siku mbaya.

Kikao saa kumi, uwanja wa nyuma wa duka la vifaa. Walikuja kama themanini. Nikaeleza: majina halisi, namba za vitambulisho. Hakuna aliyechukua kalamu. Nikadhani hawakunielewa, nikarudia. Walinielewa mara ya kwanza.

Gidion ndiye aliyesema. Yeye ndiye Timazi – ukuta wake ukiupimia unapoteza muda wako, haujawahi kupinda. Akasema: "Dada Kaanaeli, mimi sina cheti. Ibara ikipita, hiyo karatasi itakuwa na jina langu na namba yangu, imeandikwa kabisa kwamba najenga bila cheti. Hawatanitafuta. Nitakuwa nimejipeleka."

Anasema kweli. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uvivu, kwa dharau, kwa waliosahau vitambulisho nyumbani. Sikujiandaa kwa mtu mwenye akili timamu.

Na Richard naye akatokea, hakualikwa. Mkandarasi, ana ofisi mjini, ana vyeti mpaka vya kugawa. Akawaambia wasihangaike, sheria ikipita waje wafanye kazi chini ya cheti chake. Anatabasamu. Nikamuuliza mbele ya watu lini mara ya mwisho alipanga tofali hata moja. Akasema hiyo siyo kazi yake. Nikamwambia ndivyo nilivyofikiri.

Watu walicheka lakini hawakusaini. Hadi jua linazama: sitini na moja. Gidion hayumo. Alinisaidia kukunja turubai, akaniaga vizuri, akaondoka.

Nina hasira naye. Na siwezi kumlaumu. Vyote viwili.


Alhamisi, 19 Juni

Nimetuma saa tano na dakika arobaini. Sitini na moja. Karani amethibitisha kupokea. Nilimuuliza kama sitini na moja wanatosha. Akasema Kamati haihesabu watu, inasoma hoja.

Haya. Isome.


Jumatatu, 23 Juni

Nimepata utaratibu mpya wa maisha. Kabla ya chai natazama simu. Oscar, mtoto wa kaka yangu, ana duka la kutoa kopi karibu na Bunge, na kila asubuhi ananipigia picha orodha ya shughuli za siku. Muswada wetu leo ni namba saba. Namba saba maana yake hawatafika. Oscar ameandika, "Shangazi, leo pumzika."

Sipumziki. Tunafunga mbao kwenye nyumba ya Mwalimu Naisula, Elerai. Mwalimu mstaafu, kajenga kidogokidogo miaka sita, sasa kimebaki kibaraza. Ijumaa tunamwaga zege. Gidion yupo kwenye kazi. Tunazungumza: nipe uzi, shika hapa, shusha kidogo. Ya kazi tu.


Jumanne, 24 Juni

Namba nne! Halafu mchana ukaondolewa kabisa. Oscar hajui kwa nini. Mimi pia sijui.

Mzee Lemburis anasema labda umekufa. Nikamwambia mzee, mimi nimeua nyoka wengi, namjua aliyekufa na aliyejificha.


Jumatano, 25 Juni

Habari ya kweli. Hotuba ya Kamati imewekwa mezani, Oscar kanitumia ukurasa wa kumi na moja. Wameandika kwamba wamepokea maoni ya "mafundi wa Arusha" na wanaishauri Serikali iyaangalie. Mstari mmoja na nusu. Nimeusoma mara kumi juu ya rundo la kokoto.

Na mbunge mmoja mama, wa viti maalumu, hata siyo wa mkoa wetu, ameleta jedwali la marekebisho. Sentensi yetu imo. Neno kwa neno, hadi koma niliyoiweka pasipostahili. Wabunge wa kwetu niliwapigia tangu Mei. Mmoja anasema yuko kwenye kikao. Kikao cha tangu Mei!

Niliwasomea mafundi wakati wa kula. Gidion aliacha kutafuna.


Alhamisi, 26 Juni

Umerudi. Namba mbili. Wamemaliza kuujadili leo, kesho ni Kamati ya Bunge Zima – ibara kwa ibara – kisha Bunge linafungwa. Kesho. Siku ya zege.

Nilimwomba Mwalimu Naisula tusogeze hadi Jumamosi nikasikilize kwa utulivu. Kabla hajajibu, Mzee Lemburis akanikata: "Yeyo, mashine imeshakodiwa, kokoto ziko chini, watu wamearifiwa. Tuahirishe zege kwa sababu wao wanaongea?" Anaponiita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, najua ananiheshimu na amenichoka kwa pamoja.

Ana haki. Tunamwaga.

Richard amepita na gari lake jioni, kashusha kioo. Anasema Jumatatu ofisi yake itaanza kuandikisha mafundi, nimpelekee watu wangu mapema. Nimemwambia watu wangu wanajua njia ya kwako, na bado wako hapa.


Ijumaa, 27 Juni

Naandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji, daftari lina vumbi. Nisipoandika sasa nitapasuka.

Asubuhi ukungu mzito, Meru haukuonekana kabisa. Tulianza saa mbili. Mashine, maji, kokoto, mchanga, saruji, karai baada ya karai. Simu ya Hanna ndiyo yenye sauti kubwa – Hanna anatupikia – kwa hiyo tuliitundika kwenye nguzo ya jukwaa, matangazo ya Bunge yakawa yanaunguruma pamoja na mashine. Pale penye nguzo ndipo unaposikia vizuri, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anajichelewesha. Nikapiga kelele. Wakaongeza mwendo.

Saa nane tulikuwa tumemaliza kumwaga. Gidion akasawazisha kwa ubao, Mzee Lemburis akapita na mwiko wake. Kibaraza kimelala kama uji uliopoa. Bungeni wako ibara ya 9. Wanaziita moja moja: ibara ya 10, ndiyo, imepita. Ibara ya 11, ndiyo. Unaweza kusinzia.

Walipofika ibara ya 14 Mzee Lemburis akapiga magoti pembeni ya kibaraza kuandika, kama kawaida. Nikategemea PLASTA. Akaandika polepole kwa ncha ya mwiko: LEMBURIS SAITABAU MOLLEL. Na mwaka. Akainuka, akafuta magoti. Nikamwuliza mzee, hilo tena? Akasema kama wanataka kumtafuta wasisumbuke kuuliza, waje wasome.

Nilicheka. Nikamwangalia Mwalimu Naisula, maana kibaraza ni chake. Akasema amefundisha watoto kuandika majina yao miaka thelathini na nne, atamkataza mtu leo? Waandike mpaka waishe.

Nikachukua mwiko. KAANAELI ELIYA NNKO. Eliya ni baba yangu, jina lake halijawahi kuandikwa kwenye zege popote.

Kisha wakaja mmoja mmoja. Nusu Tofali kumbe anaitwa Frederick. Miaka saba nafanya naye kazi! Kona anaitwa Lesian. Wengine walisaini ile orodha, wengine hawakusaini, nami sikuwahesabu.

Ibara ya 20. Imepita. Ibara ya 21. Imepita.

Sasa hivi. Mwenyekiti wa Bunge ameita ibara ya 22. Hanna amezima jiko ili asikie. Yule mama wa viti maalumu amesimama, anasoma sentensi yetu. Sauti yake ni ndogo kuliko nilivyodhani. Waziri anasema Serikali inaona nia njema lakini. Nilijua hiyo "lakini" inakuja. Mama hakubali kuondoa hoja. Anasema ihojiwe. Mungu ambariki mama huyo popote alipolala na popote atakapolala.

Gidion ameinuka. Alikuwa amekaa peke yake kwenye rundo la mchanga tangu ibara ya 14. Amekuja mpaka nilipo, amenyoosha mkono. Sikumwelewa. Akasema, "Dada, mwiko."

Nimempa. Amepiga magoti. Wote wamesogea kutazama. Ameandika GIDION. Herufi zake zimenyooka kama kuta zake.

Mwenyekiti anawahoji. Wanaoafiki marekebisho waseme ndiyo. Zimetoka ndiyo nyingi – nyingi kuliko nilizotegemea. Wasioafiki waseme siyo. Nazo ni nyingi. Hanna anasema ndiyo zimezidi, Mzee Lemburis anatikisa kichwa. Mwenyekiti bado hajasema kitu. Kuna kelele, wanasimama, kuna anayedai kura zihesabiwe.

Gidion hainui kichwa. Amefika jina la pili. Ameniuliza kama zege linashika. Nimemwambia aandike taratibu, kwa baridi hii ya Juni zege linachelewa kushika, nafasi bado ipo.