Ameniambia Nitengeneze Makochi Madogo Yaingie Kwenye Gari Lake

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku tuliyoahidi kurudi kwenye yadi ya magari kutoa jibu, na kama hali itabaki hivi ilivyo naogopa nitawajibu mambo ambayo wauzaji wa watu hawakuuliza. Nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu kila ninayemsimulia anacheka, na mimi katika jambo hili sioni cha kuchekesha hata kidogo.

Mimi ni fundi wa makochi. Nilianza kwa kubadilisha sponji za viti vya majirani kwenye kibaraza cha nyumba tuliyokuwa tumepanga, watoto wakilala mchana juu ya mabaki ya vitambaa, na leo nina karakana yangu, naunda kochi zima kuanzia fremu ya mbao mpaka kifungo cha mwisho, mdogo wangu wa kike ananishonea vitambaa, na wateja wanakuja wenyewe bila kuitwa. Wananiita Mama Sponji, jina ambalo mimi nalipenda na mume wangu halipendi. Mume wangu ni mtu wa ofisi, mwaka huu wamempandisha cheo akawa mkuu wa idara, na tangu siku hiyo hata namna yake ya kufunga mlango imebadilika. Simsemi kwa ubaya, ni baba mzuri, hana mkono wa kupiga wala matusi, lakini cheo kimemkaa vibaya kama shati jipya ambalo halijafuliwa.

Sasa tumejaliwa kufikia kununua gari, na tumekubaliana jambo moja tu, kwamba liwe haibridi, yaani lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa sababu tunashinda kwenye foleni na gari la namna hiyo halichomi mafuta bure likiwa limesimama. Makubaliano yetu yaliishia hapo. Kwenye yadi yapo mawili yanayotufaa, yamepaki ubavu kwa ubavu. Moja ni pikapu ya milango minne, watu watano wanakaa ndani bila kubanana, na nyuma ina bodi ambayo kochi la watu watatu linalala lenyewe bila kubembelezwa, na pembeni ya bodi kuna soketi ya umeme. Mshauri, ile soketi niliinama nikaishika. Muuzaji akaniambia gari lenyewe linatoa umeme, unachomeka mashine unafanya kazi, nikamuuliza je, hata kompresa ndogo ya upepo ya kuendeshea bastola ya pini, ile ya kupigilia kitambaa kwenye fremu, akasema hata hiyo, na mimi pale pale nikawa nimeshafika mbali, nikajiona nimekwenda kwa mteja ambaye mlango wake ni mwembamba, nimeingiza fremu tupu, nimemalizia kazi ndani kwake. Mume wangu akasema, "Hiyo ni ya watu wa kwenda ufukweni, ya kuchomekea spika," akanivuta mkono twende kwenye lile lingine. Lile lingine ni SUV, gari la juu la familia, jeusi, viti vya ngozi, na ukilaza viti vya nyuma unapata nafasi. Nafasi ya kuweka nini, hapo ndipo tunapogombana.

Mpaka leo nakodi gari la mizigo, na dereva wake huja anapojisikia, na juzi juzi amekuja na turubai lililochanika, mvua ikamkuta njiani, kochi rangi ya krimu likafika kwa mteja linatiririka maji. Nililivua kitambaa chote nikaanza upya, na mume wangu mwenyewe alinisaidia kuanika sponji, kwa hiyo hawezi kusema hajui. Nilipomkumbusha hilo akaniambia, "Mimi ni mkuu wa idara. Nikishuka kwenye pikapu, walinzi wataniuliza nimeleta nini." Nikamwambia watoto watakaa vizuri, akasema pikapu inarukaruka. Nikamwambia tuliendeshe tuone, akasema hana haja, anajua.

Basi nikachukua futi yangu ya kitambaa nikarudi yadi peke yangu, nikapima ile SUV ndani, urefu, upana na mdomo wa mlango wa nyuma. Kochi la watu watatu haliingii, na ukililazimisha likaingia, mlango haufungi. Nikampelekea vipimo nyumbani. Alikuwa mezani anamenya chungwa, hata hakuinua kichwa, akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayekushauri upunguze chumvi, "Sasa si utengeneze makochi madogo?"

Nilimwacha na chungwa lake. Nilikwenda karakana nikafanya upuuzi ambao nauona aibu kuuandika. Kulikuwa na kochi la daktari wa meno, la chumba chake cha kusubiria, fremu imeshakazwa na gundi imeshakauka, nikachukua msumeno nikalikata katikati. Nikatia mabano ya chuma na boliti ili litengane vipande viwili na kuunganishwa tena, nikajiona mjanja, nikasema sasa litaingia kwenye SUV, mume atafurahi, kazi itaendelea, nyumba itatulia, kila mtu atapata chake. Nikalimalizia, likapelekwa. Siku chache baadaye daktari akanipigia simu. "Fundi, kochi lako linafunguka katikati. Mgonjwa amezama pale kati na magazeti yake, tumemvuta watu wawili. Watu wanakuja kwangu kwa ajili ya jino, wasiondoke na kiuno." Kochi limerudi karakana, limekaa pale linanitazama, na yule daktari alikuwa ameniahidi kunitambulisha kwa wenzake wenye zahanati.

Kuna na jambo jingine dogo, sijui hata kama linahusika. Bosi wa mume wangu na mke wake walitutembelea, wakakaa kwenye kochi letu la sebuleni, la kijani, nililolitengeneza mwenyewe kwa kuiba muda katikati ya kazi za wateja. Mke wa bosi akapapasa mkono wa kochi, akaminya mishono, akauliza, "Hili zuri, mmelipata wapi?" Mume wangu akawahi kujibu, "Tuliagiza duka moja hivi, jina limenitoka." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na trei. Nikawamiminia chai.

Mama yangu anasema nimwachie mwanaume achague gari. Mwenzangu wa duka la vitambaa anasema fedha nyingi zimetoka karakana, kwa hiyo nichukue pikapu na asiyetaka atembee. Sitaki kumsimanga mume wangu, ila hasira nilizonazo zinanizidi kimo. Nichague gari lipi?

Mama Sponji

JIBU

Mama Sponji,

Barua yako nimeianza nikiwa nimekaa, nimeimaliza nikiwa nimesimama. Nimetembea chumba kizima na hilo chungwa la mume wako. Makochi madogo. Mwambieni na mwashi ajenge nyumba fupi ili ngazi yake iingie kwenye gari la shemeji yake.

Tumalize la gari kwanza maana ndilo jepesi. SUV siyo gari baya. Linatulia barabarani, mabegi ya watoto hayalowi, na mzee akisafiri nanyi mgongo wake utakushukuru. Kama ungekuwa unauza vipuli vya masikioni ningekwambia chukueni SUV mkalale. Wewe unauza makochi. Halafu kuna jambo ambalo hamkuliuliza. Magari mengi ya haibridi betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma au chini ya sakafu ya buti, na baadhi yana matundu ya kupitishia hewa ya kuipoza yaliyo karibu na kiti hicho. Wewe ungekuwa unashindilia sponji na marobota ya vitambaa humo kila siku, na gari la namna hiyo ukiliziba matundu yake unalitafutia ugonjwa. Gari lako ni pikapu. Imekwisha.

Lakini usiipende kwa sababu ya soketi tu, maana naona umeshapendana nayo. Soketi hazilingani. Nyingine zinawasha taa na kuchaji simu, ukichomeka kompresa zinakata. Kwa hiyo Jumamosi usiende mikono mitupu, nenda na kompresa yako na bastola yako, uchomeke pale yadi, upige pini kwenye kipande cha ubao mbele ya muuzaji. Akikunja uso, umepata jibu lako. Mwombe akuonyeshe betri ya haibridi imepimwa na iko katika hali gani, na dhamana yake muiandikiane. Muulize bodi inaruhusiwa uzito gani. Na nunueni kifuniko kigumu cha hiyo bodi siku hiyo hiyo, kwa sababu pikapu isiyo na kifuniko italowesha kochi sawasawa na yule dereva wako wa turubai.

Sasa nikugombeze. Dada yangu, wewe ni fundi wa kuitwa fundi. Mtu akakwambia neno la kipuuzi huku anakula tunda, wewe badala ya kumwambia kwamba ni neno la kipuuzi, ukaenda ukachukua msumeno ukakata kazi yako mwenyewe katikati, kwa ajili ya gari ambalo bado lipo yadi na halijanunuliwa na mtu. Hakukulazimisha. Alisema neno moja, hukumjibu, ukaenda ukalitekeleza kuliko hata alivyotaka yeye. Unasema ulitaka nyumba itulie. Nyumba imetulia? Mgonjwa wa watu amezama kwenye kochi kwa sababu wewe uliogopa kubishana mezani.

Nimefika kwenye lile unaloliita jambo dogo, ambalo hujui kama linahusika. Linahusika. Barua yako yote ni hilo. Mume wako aliulizwa swali jepesi, mke wake amesimama mbele yake, na jibu lilikuwa maneno mawili: mke wangu. Akaona bora kusingizia duka. Nimekasirika mpaka sasa hivi ninavyoandika. Huyo mtu hana ugomvi na pikapu, wala hajui kama inarukaruka, maana amekataa hata kuiendesha. Anachoogopa ni kwamba ikipaki ofisini na kochi nyuma, watu watauliza, na safari hii hatakuwa na duka la kusingizia. Anaona haya kwamba mke wake anafanya kazi ya mikono. Haya hiyo haikumzuia kukaa juu ya hilo kochi, wala kula kwa hizo pini na gundi, wala kupanga gari la viti vya ngozi kwa jasho hilo hilo. Na wewe ukamimina chai. Ungeshindwa nini kusema, "Nimelitengeneza mimi, shemeji, karibu karakana"? Mwanamke wa watu alikuwa ameminya mishono yako. Alikuwa mteja.

Pamoja na hayo sikwambii umfukuze. Mtu aliyekubali kuanika sponji zilizolowa pamoja nawe ana moyo, ila moyo huo anautoa pasipo na watu. Unayo kazi ya kumtoa hapo, na haifanyiki yadi mbele ya wauzaji, wala haifanywi na mama yako, wala mwenzako wa vitambaa ambaye akimaliza kukuchochea anafunga duka anarudi kwa mume wake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya Jumamosi mketi wawili, mchana, watoto wakiwa nje. Usianze na gari, usianze na mafuta, na habari ya fedha zimetoka wapi usiiguse kabisa, maana ukiigusa atajitetea kwa hiyo na hili kubwa litapotea. Mwambie, "Siku ile ulipomwambia mke wa bosi kwamba kochi tumeagiza dukani, mimi nilikuwa nimesimama pale, na uliniumiza." Kisha unyamaze. Najua kunyamaza unakujua sana, lakini safari hii nyamaza ukimtazama usoni, usikimbilie karakana. Akisema ilikuwa utani, mwambie hukucheka. Akiomba msamaha, mpe kazi ya kufanya, kwa sababu kosa alilolifanya mbele ya watu halifutwi kwa minong'ono ya jikoni. Mke wa bosi aliuliza kochi limetoka wapi, na mpaka leo hajajibiwa. Mume wako ampelekee jibu, na namba yako ya simu.

Lile kochi la daktari wa meno usilitie viraka. Tengeneza fremu mpya, nzima, urefu ule ule mliopatana, na umwombe radhi bila kumtaja mume wako, kwa sababu msumeno uliushika wewe. Usipunguze makochi yako hata kwa upana wa kidole, si kwa gari, si kwa cheo cha mtu.

Jumamosi mwende wote. Aendeshe pikapu yeye kwanza, azunguke nayo mtaa mzima, arukeruke huko anakokusema, na akiipenda usimcheke. Kadi ya gari mwandike majina yenu yote mawili. Na siku ya kupeleka kochi la kwanza, usiite mbebaji. Kochi la watu watatu halibebwi na mtu mmoja. Shika upande wako, halafu mwite mkuu wa idara kwa sauti, majirani wakiwepo, aje ashike upande wa pili.