Jina Lililotajwa Nikiwa Uani

Tampere, 4 Machi 1984

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kifua kimetulia. Sisi hatujambo. Mtoto ananyonya vizuri, na mchana tunamlaza kwenye kigari chake huko roshani. Baridi yote hiyo, yeye analala tu kama dubu.

Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 8 Aprili, hapa hapa nyumbani. Jina usiniulize, mila unaijua: hakuna atakayelisikia kabla mchungaji hajalitaja juu ya maji. Ila wewe hasa ndiye ninayetaka alisikie. Nitakuwa nakutazama.

Nina ombi moja. Kabla hujambeba mtoto, sigara uwe umeacha. Marehemu Mama alikuomba miaka yote, na jibu lako lilikuwa "kesho". Nimeichoka hiyo kesho, Baba. Na uniandikie, usinipigie simu. Kwenye simu nakusikia unavyovuta.

Mwanao,
Raili


Kivijärvi, 11 Machi 1984

Mpendwa mwanangu Raili,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Theluji huku bado inafika dirishani. Nisalimie mumeo Pentti, na mama yake, Tyyne, ukimwona.

Umenikamata. Kisahani cha majivu kinakaa juu ya meza ya simu, na simu ikilia tu mkono unaifuata pakiti wenyewe, hata sijaitika. Sasa kisahani nimekihamishia ghalani. Nesi wa zahanati amenipa ubani wa kutafuna, ule wa kuachia sigara. Una ladha ya pilipili iliyoungua. Jirani yangu Arvi ananicheka, eti natafuna kama ng'ombe wake ila maziwa sitoi.

Lakini nimeacha. Waambie wote kwamba babu yake mtoto ameacha. Suti niliyovaa kwenye arusi yako nimeitundika nje ipigwe na baridi, harufu ya moshi itoke. Nitakuja.

Baba yako


Tampere, 16 Aprili 1984

Kwako Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Kikohozi je? Sisi tuko salama.

Barua hii nimeiandika na kuichana zaidi ya mara moja. Ulikuja, asante, na mtoto ukambeba. Lakini kuhusu jina hukusema kitu. Nilikufuata nikiwa na machozi, nikisubiri, ukanipa mkono kama karani wa benki. "Jina zuri, linafaa," basi, ukaenda kwenye keki.

Sikutaka hotuba. Hata ungeinama tu ukanyamaza, ningeelewa. Pentti ananiambia wanaume wa huko kwetu ndivyo walivyo, maneno wanayabania kama kuni za Februari, baridi ikiwa kali bado. Sijui. Tangu siku ile nikilitamka jina la mwanangu naona uchungu, nami sikupanga iwe hivyo.

Raili


Kivijärvi, 29 Aprili 1984

Mwanangu Raili,

Marahaba. Habari za hapo? Huku barafu ya ziwani imeanza kuwa nyeusi, Arvi haruhusiwi tena na mkewe kuvuka kwa miguu.

Usihuzunike. Nilisema jina ni zuri, na narudia kwamba ni zuri. Mimi na maneno unatujua. Nimemtumia mdogo wetu soksi za sufu, mke wa Arvi ndiye kazifuma. Mbusu huyo mgeni wetu kwa niaba yangu.

Habari ya sigara usiwe na wasiwasi. Nilisema nimeacha.

Baba yako


Tampere, 6 Mei 1984

Baba,

Shikamoo. Soksi zimefika, zinamtosha.

"Mdogo wetu." "Mgeni wetu." Mwanangu ana jina, Baba. Liandike, mara moja tu, kwa mkono wako. Ukiona huwezi, basi usiandike kwanza, nasi sikukuu ya kiangazi, Juhannus, tutaifanyia huku huku mjini.

Raili


Kivijärvi, 10 Juni 1984

Raili mwanangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Sina haki ya kuuliza, lakini nauliza. Mimi mwili ni mzima, ila nina aibu, na ndiyo iliyonichelewesha.

Sigara nilikuwa sijaacha. Kisahani kilikuwa ghalani, na mimi nilikuwa ghalani nacho. Siku ya ubatizo sikuwa nimevuta tangu alfajiri, na mchungaji alipofungua kitabu vidole vyangu vilianza kucheza vyenyewe. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa roshani. Nikachungulia huko, nikaona kigari cha mtoto na blanketi lake, nikashindwa kuvuta pale. Wimbo ulipoanza nikateremka uani, kwenye vile vyuma mnavyotundikia mazulia kuyapiga vumbi. Nilikuwa na hesabu yangu: wimbo una beti tatu, beti tatu ni nusu sigara. Mchungaji wetu huku huimba beti zote hata kanisa liwe linaungua. Nadhani wa kwenu aliimba moja. Nilipotoka kwenye lifti, kahawa ilikuwa inamiminwa.

Ukanijia na machozi. Nikasema jina zuri. Raili, sikujua hata linaanza na herufi gani.

Uliponiambia niliandike, nilimpigia simu Tyyne, nikajifanya nimepotewa na herufi. Nikamuuliza lile jina linaandikwaje.

"Taisto," akaniita kwa jina langu, "umeishi na jina hilo miaka yote, leo unaniuliza mimi?"

Nikakaa chini sakafuni, mkonga wa simu bado mkononi. Nilielewa.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Nilikuandikia barua nzuri sana. Jina juu, jina katikati, jina mwishoni, na machozi ya mzee pembeni. Usingejua kamwe. Nikailamba bahasha kuifunga, mdomo ukanijaa ladha ya tumbaku, maana nilikuwa navuta nikiandika. Mama yako nilimpa kesho mpaka akaenda kaburini. Halafu jina lake linatajwa juu ya maji, mimi niko uani navuta, na sasa nataka kumtumia yeye huyo huyo kukudanganya wewe. Barua ile nikaitia kwenye jiko, ikaungua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imenyooka hadi mlangoni kwako, ndiyo maana naona aibu hata kumtazama Arvi.

Kisahani nimekitupa ziwani. Ubani nautafuna kweli sasa, taya zinauma. Jana nilivuta moja nyuma ya sauna, ya kuomba kwa Arvi. Leo bado. Mazoea yana taabu, mwanangu.

Jina siliandiki hapa. Sijalisikia likitajwa, basi si langu kulitumia.

Baba yako


Tampere, 17 Juni 1984

Kwako Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Nilikunusa. Uliponipa mkono siku ile nilisikia harufu, nikanyamaza kwa ajili ya wageni. Nilidhani umelisikia jina, likakuchoma, ndipo ukaenda kuvuta. Kwamba hukulisikia kabisa, hilo halikunijia akilini.

Barua yako niliitupa. Pentti akaiokota, akaisoma, akacheka mpaka mtoto akaamka, nikamkasirikia na yeye. Hasira ninayo bado, usidhani imekwisha.

Lakini Juhannus tutakuja. Pasha sauna. Nitalitaja jina mwenyewe, na wewe utasimama hapo hapo mpaka nimalize. Beti zote.

Raili


Kivijärvi, 1 Julai 1984

Mpendwa Hilkka,

Hujambo, mjukuu wangu? Mlifika salama Tampere? Mama na baba hawajambo? Mimi mzima.

Mara ya mwisho kuliandika jina hili juu ya barua ilikuwa wakati wa vita, bibi yako akiningoja hapa nyumbani. Leo nimelazimika kuiweka kalamu chini kwanza, nikazunguka nyumba, ndipo nikarudi mezani.

Mama yako alipolitaja pale kwenye ngazi za sauna, nilikuwa na maneno niliyoyaandaa. Nikavua kofia tu. Akasema, "Haya, mchukue," akakuweka mikononi mwangu. Ukakikamata kidole changu hiki chenye manjano ya tumbaku, ukakitia mdomoni. Niliona aibu, nikakivuta, nawe ukang'ang'ana.

Kila nikiingia sauna nakisugua. Manjano bado yapo. Nesi anasema ukucha utakua, yataondoka nao.

Leo sijavuta, Hilkka. Ya kesho sikuahidi. Kesho zangu zote nilimpa bibi yako.

Babu