Tone la Oili kwenye Karatasi ya Wino

Jumanne, 6 Julai 1982

Nimeosha mnyororo wa pikipiki. Mafuta ya taa nusu kikombe, mswaki mkuukuu, kisha kitambaa kikavu. Breki zilipata maji na sabuni tu. Breki ikilambishwa mafuta haishiki, na mteremko kutoka hapa Mwika hadi Himo hauna huruma.

Oili ya injini ndiyo tatizo. Nyeusi, nyepesi kama chai, chini ya alama ya kijiti cha kupimia. Madukani Moshi hakuna. Imebaki wiki moja. Jumanne ijayo Anna, mke wangu, anapasuliwa mtoto wa jicho hospitalini Moshi. Tarehe hiyo tumeisubiri miezi minane. Jicho la kushoto lilishakufa. La kulia ndilo hili, na tangu Pasaka halioni uso wangu. Mabasi hayana dizeli. Ni pikipiki au tusiende kabisa.

Naogopa. Naliandika ili niache kulizungukazunguka.

Alhamisi, 8 Julai

Aloisi, kaka yake Anna, dereva wa lori, ameleta galoni la oili. Majirani wakaja, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. Nikaweka tone kwenye karatasi ya kukaushia wino. Oili nzima husambaa sawasawa. Hii iliacha kitovu cheusi na pete ya maji pembeni. Tone la pili nikalitia kwenye kikaango cha moto. Likalipuka paa-paa. Maji. Oili iliyokwisha kutumika kwenye lori.

Nilisema hapo hapo, mbele ya watu. Kosa langu.

"Shemeji, zawadi yangu unaipima kama mkojo wa hospitali?"

Walicheka wote isipokuwa yeye. Akabeba galoni lake, akaacha kibuyu cha mbege kimejaa. Kwetu hilo si dogo.

Anna hasemi nami.

Ijumaa, 9 Julai

Amesema. Amekuja akipapasa ukuta, na chupa mbili kubwa za mafuta ya nyonyo, aliyoyakamua mwaka jana kwa ajili ya ngozi. "Si uliwafundisha watoto shuleni kwamba ndege za zamani zilitumia haya?"

Nilifundisha. Sikudhani nitaufanya mtihani wangu mwenyewe.

Mafuta ya nyonyo huvumilia joto kali. Lakini hayapatani na oili ya dukani, inayotoka ardhini. Yakichanganyika na kupata moto, hunata kama ulimbo. Injini ikinata mteremkoni, gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Tutarushwa wote wawili.

Jumamosi, 10 Julai

Nimemwaga oili ya zamani. Nikaingiza mafuta ya taa, nikazungusha injini kwa mguu bila kuiwasha, nikamwaga. Mara tatu. Taa ya nyumbani sasa ni tupu, tunakula kabla ya giza.

Mafuta ya nyonyo yaligoma kutiririka kwa baridi. Nikayapasha kwenye maji ya moto kama maziwa ya mtoto. Nimejaza hadi kwenye alama. Imewaka. Kanisani na kurudi, injini imetulia. Mimi sijatulia.

Jumatatu, 12 Julai

Asubuhi kijiti kililowa juu ya alama. Nilikinusa mara nne. Oili ya dukani.

Jana, nikiwa misani, Aloisi alikuja. Anna alimsikia akifungua kifuniko, akadhani anakagua. Kumbe Aloisi alikuwa amekwenda hadi Chekereni kwa dereva wa trekta, akapata kopo lililofungwa, akaongeza kidogo ili tupatane. Hakusema kitu. Upatanisho huo umeharibu kila kitu, na safari ni kesho.

Nimekwenda kwake kwa miguu. Nilimwomba radhi kwanza kwa ya Alhamisi. Kisha nikamweleza ya leo. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi.

Akasema, "Oili mbaya huitaki, nzuri huitaki. Twende kwa padri akupe ya upako?"

Nikamwambia mafuta ya nyonyo yamekwisha, sasa naihitaji hiyo hiyo nzuri, yote iliyobaki. Na kitu cha kuoshea. Mafuta ya taa hayayeyushi mafuta ya nyonyo. Pombe kali huyeyusha. Yaani gongo. Nilifundisha miaka thelathini kwamba gongo ni haramu kwa serikali na kwa kanisa.

Aloisi aliileta bila kuniambia ilikotoka. Tumeosha hadi jua linatua, tukaacha injini wazi ikauke. "Pikipiki ya mwalimu imelewa kuliko mwalimu," akasema Aloisi.

Kisha akaninyooshea karatasi ya wino yeye mwenyewe. "Pima."

Nikapima. Tone lilisambaa sawasawa. Tulilitazama wote wawili. Tukajaza.

Jumanne, 13 Julai, Moshi

Tulitoka alfajiri. Mguu juu ya breki, sikio kwenye injini. Anna alinishika kiuno kwa mikono yote miwili. Karibu na Himo sauti ilibadilika. Nikashika klachi. Lilikuwa jiwe kwenye kinga ya matope. Anna aliuliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Saa mbili tulikuwa mlangoni mwa hospitali. Wamempokea.

Jumamosi, 17 Julai, Moshi

Bandeji imefunguliwa. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Baba Tadei, umezeeka." Kisha jicho likashuka. "Na shati la kanisani lina oili."

Nimelifua kwa majivu na sabuni ya kipande. Doa limebaki. Kesho nitalivaa hivyo hivyo, nimwone akiliona.